Mkwaruzo

Zimefika Jumanne, ndani ya boksi zito kama la viatu,
hedifoni nyeusi, pedi zake laini kama shavu la ndama.
Mkwe wangu Radovan kazinunua kwa pesa
ambayo mimi ningenunulia kuni za msimu mzima.
"Baba, utasikia hata pumzi za wapigaji," alisema.

Nikazivaa. Fidla zikaja safi, maji ya bomba asubuhi.
Piano ikaja. Halafu besi, na besi ikakoroma.
Si mvumo: mkwaruzo, krrr, krrr,
nyuki aliyenaswa ndani ya kiberiti,
kila noti inaposhuka chini ya ngazi ya mwisho.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Lakini nilikuwa fundi wa tramu miaka thelathini na mmoja,
karakana ya Brno, zamu ya usiku,
na gurudumu likipiga kelele husemi "gurudumu bovu."
Unauliza reli kwanza.

Basi nikauliza.
Nikapunguza sauti: muziki ukarudi nyuma, mkwaruzo ukabaki.
Nikachomoa waya, nikapangusa ncha yake kwa spiriti,
nikachomeka tena mpaka ikasema tik.
Nikageuza kushoto kuwa kulia; ugonjwa haukuhama,
ulikaa palepale, katikati ya paji langu.
Nikavua miwani, maana mikono ya miwani huinua pedi
na besi huvuja kama joto mlangoni.
Nikafungua pedi kutafuta unywele wa paka.
Ulikuwapo mmoja, mweupe, wa Micka.
Nikautoa kwa kibanio. Nikashangilia mapema.
Krrr.

Nikapiga simu dukani. Kijana anaitwa Kryštof,
sauti yake bado haijaamua kuwa ya mwanamume.
"Mzee, nani kapandisha besi kwenye simu yako?"
Mjukuu, nani mwingine; kigingi cha besi kilikuwa kimekwea
kama mbuzi juu ya paa. Tukakishusha hadi sifuri.
Mkwaruzo ukapungua nusu,
nusu nyingine ikakaa kitako.
"Sasa piga mlio mtupu. Anzia chini kabisa, upande polepole."
Ukapanda kutoka mahali pasipo na sauti, penye tetemeko tu,
mlaini, wa mviringo, bila chembe ya mchanga.
Kryštof akanyamaza. "Hedifoni ni nzima, mzee.
Kwani unasikiliza nini?"

Sikumwambia.
Ni kanda ya mwaka sabini na nane, ukumbi wa shule, wapigaji wanne,
na kwenye besi kubwa, ile ndefu kuliko mlango wetu,
Drahomíra, mke wangu.
Nimeisikiliza kwenye redio ya jikoni miaka yote hii,
spika ndogo kama kisosi,
isiyoweza kushuka hadi alikokuwa akishuka yeye.

Besi bado imesimama pembeni mwa kabati la nguo zake.
Nikaivua shuka, nikaigeuza mgongo.
Hapo inapoegemea tumbo la mpigaji, alama:
duara dogo, vanishi imekwanguka,
upana wa kifungo cha sweta.
Ile ya kijivu. Kifungo cha tatu,
kilicholegea vuli ile akanionyesha mara mbili.
"Fundi mzima, tramu zinakutii, kifungo kinakushinda?"
Nikasema kesho.

Nikarudi kitini. Dakika ya pili, sekunde ya kumi na moja:
anashuka, anaikumbatia, krrr.
Kisha, kabla ya kupanda tena, anavuta pumzi.
Radovan hakudanganya.

Nina siku kumi na nne za kuzirudisha. Fomu iko mezani,
ina mstari umeandikwa "Sababu."
Nimeuacha wazi. Nyuma yake, kwa kalamu ileile,
nimeandika vya kununua kesho:
mkate, siki, chakula cha Micka, uzi wa kijivu.